Mikono Iponyayo: Reiki Ilitoka Wapi?

 

Mtoto akianguka akaumia goti, jambo la kwanza tunalolifanya sisi akina mama ni kuweka mkono. Dawa hufuata baadaye. Mwenye homa tunamshika paji la uso, mwenye msokoto wa tumbo tunampapasa tumbo, na mwenye uchungu wa kujifungua tunamshika kiuno. Hakuna aliyetufundisha. Tuliwakuta mama zetu wakifanya hivyo, na wao waliwakuta mama zao. Wajapani nao wanalo neno lao, teate, ambalo kwao maana yake ni kumhudumia mgonjwa au aliyeumia. Ukiligawa neno hilo sehemu mbili, linasema tu "kuweka mkono".

Kwa hiyo si ajabu kwamba huko Japani ilizaliwa huduma inayofanywa kwa mikono mitupu, na kwamba leo imeenea karibu dunia nzima, hata Nairobi wapo wanaoitoa. Huduma hiyo inaitwa reiki. Ni neno lenye sehemu mbili. Rei ni roho, au kitu cha ajabu kisichoonekana kwa macho. Ki ni pumzi, au nguvu ya uhai ambayo Wajapani na Wachina tangu zamani wameamini kuwa inapita katika mwili wa mtu.

Namna yake ni hii. Mgonjwa hulala kitandani akiwa amevaa nguo zake. Mhudumu huweka viganja juu yake polepole, au huvishikilia karibu na mwili bila kugusa: kichwani, kifuani, tumboni, mgongoni, dakika chache kila mahali. Hakuna dawa, hakuna kukanda wala kunyoosha viungo. Kazi yote huchukua kama saa moja au saa moja na nusu. Wanaoitoa husema kwamba nguvu ya uhai hupita katika mikono yao na kumwingia mgonjwa, na kwamba nguvu hiyo ndiyo inayoponya.

Baadhi yenu mtauliza: hayo ya Japani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu moja kubwa. Kwa miaka mingi reiki imepelekwa kwa wanawake wa Kikristo ikiwa na hadithi ya asili yake, na hadithi hiyo inamtaja Bwana Yesu. Tunataka leo tuitazame hadithi hiyo pamoja, kisha tutazame na ukweli wenyewe.

HADITHI INAYOSIMULIWA

Inasimuliwa hivi. Alikuwako Mjapani aitwaye Mikao Usui, mchungaji Mkristo na mkuu wa chuo cha Doshisha katika mji wa Kyoto. Siku moja wanafunzi wakamwuliza kama anaamini kweli kwamba Yesu aliwaponya wagonjwa kwa kuwawekea mikono. Akajibu kwamba anaamini. Wakamwambia, basi tuonyeshe jinsi alivyofanya. Usui akakosa la kujibu. Kwa aibu akaacha kazi, akavuka bahari hadi Marekani, akasoma katika Chuo Kikuu cha Chicago akitafuta siri ya uponyaji wa Yesu. Hakuipata. Akarudi kwao, akachimbua katika vitabu vya Kibuddha, na mwisho akapanda mlimani akafunga kwa siku 21. Siku ya mwisho nguvu ikamshukia, naye akaanza kuponya.

Ni hadithi tamu. Mama Mkristo akiisikia, moyo wake unatulia mara moja. Anajiambia: kumbe huyu mtu alikuwa mwenzetu, kumbe alikuwa anatafuta njia ile ile ya Bwana Yesu. Wasiwasi unamwisha, anajilaza kitandani na kufumba macho.

Watu walipokwenda kuuliza, mambo yakawa mengine. Doshisha ni chuo cha kweli, kilianzishwa mwaka 1875 na Mkristo Mjapani, Niijima Jo. Lakini katika kumbukumbu zake hakuna Mikao Usui aliyekuwa mkuu wa chuo, wala mwalimu, wala mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Chicago nacho kiliulizwa. Hakikukuta jina lake.

LINALOSEMA JIWE LA UKUMBUSHO

Katika miaka ya 1990 wapenzi wa reiki kutoka nchi za Magharibi walianza kwenda Japani wenyewe kutafuta chanzo chake. Wakaonyeshwa jiwe kubwa lililosimamishwa karibu na kaburi la Usui, katika hekalu la Kibuddha liitwalo Saihoji, jijini Tokyo. Jiwe hilo liliwekwa na wanafunzi wake mwezi Februari 1927, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, na limechongwa maneno mengi ya kusimulia maisha yake. Waliokuwa wakimfahamu ndio waliolisimamisha.

Usui alizaliwa tarehe 15 Agosti 1865 katika kijiji cha Taniai, mkoa wa Gifu. Wakati huo Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku Japani kwa zaidi ya miaka 200, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1873, Usui akiwa bado mtoto. Jiwe linasema alikuwa mtu wa kupenda sana kusoma. Alisoma historia, utabibu, maandiko ya Kibuddha, na maandiko ya Kikristo pia. Linasema alisafiri hadi Ulaya, Marekani na China. Lakini halisemi popote kwamba alikuwa mchungaji au Mkristo. Kusoma Biblia ni jambo moja, na kubatizwa ni jingine.

Linasema pia jambo ambalo wengi wetu tutalielewa: pamoja na elimu yake, mambo hayakumwendea vizuri. Alihangaika na maisha, akawa katika shida na umaskini, ila hakukata tamaa. Alikuwa na mke, Sadako, na watoto wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Basi huyu alikuwa baba wa familia aliyepigwa na maisha, akatafuta msaada kwa njia za dini ya nchi yake.

Alikwenda Mlima Kurama, kaskazini ya Kyoto, mahali penye hekalu la kale la Kibuddha, akafunga na kujitesa mwili kwa siku 21. Jambo hili hadithi na jiwe vinakubaliana. Jiwe linasema alisikia nguvu kubwa juu ya kichwa chake. Akaijaribu kwanza kwake mwenyewe, kisha kwa watu wa nyumbani mwake. Mwezi Aprili 1922 alihamia Tokyo, akaanzisha chama cha kufundisha na kutibu kwa njia hiyo.

Chamani mwake watu walikariri mashairi ya Mfalme Meiji, aliyetawala Japani hadi alipofariki mwaka 1912. Usui aliwapa pia kanuni tano za kujikumbusha kila siku, zihusuzo kuacha hasira, kuacha wasiwasi, kuwa na shukrani, kufanya kazi kwa bidii na kuwatendea watu wema. Hakuna mama atakayezikataa kanuni hizo. Lakini tukiangalia mlima, hekalu, mashairi ya mfalme na kaburi lenyewe, tunaona wazi udongo ambao mti huu uliota. Ni udongo wa Japani na dini zake.

Tena Usui hakuwa peke yake. Miaka hiyo Japani ilikuwa na waponyaji wengi wa namna hiyo. Serikali ilikuwa imeufanya utabibu wa Kizungu kuwa ndio rasmi, na watu wengi wa kawaida waliona njia zao za zamani zinasukumwa pembeni. Wakatokea walimu wengi wa kutibu kwa pumzi, kwa maombi na kwa viganja. Usui alikuwa mmoja wao, na bahati ikawa kwamba mafundisho yake yalivuka bahari.

TETEMEKO LA MWAKA 1923

Tusimtendee Usui isivyo haki. Mwaka mmoja na miezi michache baada ya kuhamia Tokyo, yaani tarehe 1 Septemba 1923, ardhi ilitetemeka. Ilikuwa dakika mbili kabla ya saa sita mchana, saa ambayo akina mama wa Tokyo na Yokohama walikuwa jikoni wakipika chakula cha mchana. Nyumba zilikuwa za mbao. Meko yakapinduka, moto ukashika, upepo ukausambaza. Walikufa watu zaidi ya 100,000, wengi wao kwa moto kuliko kwa kuangukiwa na nyumba.

Jiwe linasema Usui alitoka kila siku kwenda mitaani kuwahudumia majeruhi. Tunaweza kuwa na maswali juu ya nguvu aliyoitegemea, lakini hatuwezi kumcheka mtu aliyekwenda kukaa na walioungua. Msamaria mwema naye hakuwa mtu wa dini ya wale waliopita kando.

Baada ya hapo jina lake lilivuma. Inasemwa kwenye jiwe kwamba alifundisha watu zaidi ya 2,000. Alifariki kwa kiharusi tarehe 9 Machi 1926, akiwa safarini Fukuyama, na umri wake ulikuwa miaka 60.

MJANE KUTOKA HAWAII

Reiki ingeweza kubaki Japani, kama si mwanamke mmoja. Hapa ndipo habari hii inatugusa sisi zaidi.

Hawayo Takata alizaliwa tarehe 24 Desemba 1900 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, na jina lake lilitokana na jina la visiwa hivyo. Wazazi wake walikuwa Wajapani waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Aliolewa, akazaa watoto wawili wa kike. Mwaka 1930 mume wake akafariki. Akabaki na watoto wa kulea, akafanya kazi mpaka mwili ukashindwa. Mwaka 1935 alikwenda Japani akiwa mgonjwa wa maradhi kadhaa: uvimbe, vijiwe vya nyongo na kidole tumbo.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwa ameandaliwa kupasuliwa hospitalini Tokyo, akasikia sauti ikimwambia kwamba upasuaji si lazima. Akauliza kama kuna njia nyingine. Akapelekwa kwa Chujiro Hayashi, afisa mstaafu wa jeshi la majini na mwanafunzi wa Usui, aliyekuwa na kituo cha kutibu kwa reiki. Takata alisema alitibiwa huko kwa muda akapona, kisha akaomba afundishwe. Akabaki karibu mwaka mzima akijifunza na kufanya kazi kituoni. Aliporudi Hawaii mwaka 1937, Hayashi alimfuata kwa ziara, na mwezi Februari 1938 akamtangaza kuwa mwalimu kamili wa reiki.

Tumfikirie mama huyu kwa huruma. Ni mjane, ni mgonjwa, ana watoto wawili, na hana mtu wa kumwegemea. Mfa maji haachi kutapatapa. Nani kati yetu, akiwa katika hali ile, asingeuliza kama kuna njia nyingine?

Alipokuwa ameanza kazi yake Hawaii, vita vikaja. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor, hapo hapo Hawaii. Ghafla kila Mjapani akawa mtu wa kushukiwa, na makasisi wengi wa Kibuddha na wa Kishinto wakakamatwa na kufungwa. Fikirieni basi mwanamke wa Kijapani ambaye kazi yake ni kuponya kwa njia iliyozaliwa kwenye mlima wa Kibuddha, naye anaishi kati ya Wamarekani ambao wengi wao ni Wakristo.

Wengi waliochunguza historia ya reiki wanaona kwamba hali kama hiyo ndiyo iliyofanya hadithi ipate sura ya Kikristo. Takata ndiye aliyeisimulia hadithi ya mchungaji wa Doshisha, na wanafunzi wake wa Marekani wakaipokea na kuiandika vitabuni. Hakuwaachia wanafunzi maandishi mengi. Alifundisha zaidi kwa mdomo. Kwa hiyo neno lake likawa ndilo chanzo pekee kwa watu wa Magharibi kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 1970 na kifo chake Desemba 1980, aliwafanya watu 22 kuwa walimu kamili, na ada ya daraja hilo ilikuwa dola 10,000 za Kimarekani. Hao 22 na wanafunzi wao ndio walioisambaza reiki Ulaya, Australia na kwingineko.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu. Mjane anayelisha watoto katika nchi inayomshuku huenda akasema maneno ya kumwokoa. Lakini sisi tunaoambiwa hadithi hiyo leo hatuko vitani. Tuna haki ya kuujua ukweli. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Huduma yoyote ikiwa njema, inaweza kusimama kwa asili yake. Ya nini kuivisha kanzu ya mchungaji?

JE, INAPONYA?

Swali hili ndilo ambalo mama mwenye mgonjwa analitaka. Tutalijibu kwa yale yaliyopimwa.

Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu wazima 100 wenye ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima usiokwisha. Baadhi walihudumiwa na walimu wa kweli wa reiki, wengine na watu walioigiza tu bila kujua lolote, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Maumivu hayakupungua zaidi kwa wale wa kweli kuliko kwa wale wa kuigiza.

Kuna na habari ya msichana mdogo ambayo akina mama mtaipenda. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, profesa wa uuguzi alianzisha huduma inayofanana na reiki, ambayo muuguzi hupitisha mikono juu ya mgonjwa akisema anahisi nguvu ya mwili wake. Emily Rosa, mwenye umri wa miaka tisa, alitaka kujua kama ni kweli, kwa ajili ya kazi yake ya sayansi ya shule. Akaweka ubao wenye matundu mawili. Mtaalamu aliingiza mikono yake miwili bila kuona upande wa pili, naye Emily akaweka mkono wake juu ya mmoja. Swali likawa: mkono wangu uko juu ya upi? Walijaribiwa wataalamu 21, mara 280 kwa jumla. Walipata jibu sahihi mara 123, yaani asilimia 44. Mtu anayebahatisha tu kwa kurusha sarafu angepata karibu nusu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1998 katika jarida kubwa la madaktari wa Marekani.

Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza tiba za namna hii nayo inasema kwamba reiki haijathibitishwa wazi kuwa inasaidia ugonjwa wowote. Inasema pia kwamba haijaonekana kudhuru kwa yenyewe.

Basi kwa nini wanaotoka huko husema wamejisikia vizuri? Hatudhani wanasema uongo. Mama aliyelea watoto, akachota maji, akapika, akafua, akirudi kazini akaanza upya, siku atakayolazwa saa nzima mahali penye utulivu, akaguswa kwa upole na mtu ambaye hamwulizi chakula kiko wapi, lazima aamke ametulia. Pumzi inashuka, misuli inalegea, usingizi unakuja. Huo ni unafuu wa kweli. Lakini unafuu si uponyaji. Uvimbe hauondoki kwa sababu mwenye uvimbe amelala vizuri.

MIKONO YA KANISA NA MIKONO YA REIKI

Wengine watasema: lakini hata kanisani tunawekewa mikono. Ni kweli. Tunakumbuka habari ya mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18, ambaye Yesu alimwekea mikono akanyooka, katika Luka sura ya 13. Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, anawaagiza wagonjwa wawaite wazee wa kanisa wawaombee. Mikono kwetu si kitu kigeni.

Lakini tofauti ipo, na si ndogo. Anayekuombea hana nguvu ya kumimina. Anamwomba Mwenyezi, na Mwenyezi hutoa apendavyo na wakati apendao. Hakuna madaraja ya kulipia, wala alama za siri, wala ibada ya kufunguliwa ili mikono ianze kutoa nguvu. Katika reiki yote hayo yamo. Mwanafunzi hupita kwa mwalimu anayemfungulia njia ya nguvu, hufundishwa alama, na hupanda daraja baada ya daraja. Tunapoisikia ile ada ya dola 10,000, tunamkumbuka Simoni wa Samaria katika Matendo ya Mitume sura ya 8, aliyetaka kununua kwa fedha uwezo wa kuwawekea watu mikono, na jibu alilopewa na Petro.

Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walilichunguza jambo hili, na mwezi Machi 2009 walitoa mwongozo. Walisema kwa kifupi kwamba reiki haina msingi katika sayansi wala katika imani ya Kikristo, na kwa hiyo haifai kutolewa katika hospitali na nyumba za mafungo za Kanisa. Wapo Wakristo wa madhehebu mengine wasiokubaliana nao. Lakini hoja yao ni rahisi kuielewa: mtu huponywa kwa njia za asili ambazo akili inaweza kuzipima, au huponywa kwa neema ya Mungu. Nguvu ambayo haipimiki, na wala si Mungu anayeombwa, tuiweke wapi?

MASWALI YA KUULIZA

Mama mpendwa, pengine hutakutana na reiki maisha yako yote. Lakini utakutana na nyingine yenye jina jingine: mafuta, maji, jiwe, kikombe, mkono. Ndiyo maana tunapenda uwe na maswali yako mkononi kabla hujatoa fedha au kumpeleka mtoto.

Kwanza uliza: jambo hili lilianzia wapi, na nani anaweza kulithibitisha? Usiridhike na "inasemekana". Hadithi ya Doshisha ilidumu miaka mingi kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeandika barua kwenda chuoni kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Pili: je, ninaambiwa niache dawa? Hapo usisubiri jibu la pili. Mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye kifua kikuu, anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, asiache dawa zake kwa sababu ya mikono ya mtu yeyote, awe wa Japani au wa kanisani. Mwenye uvimbe kwenye titi aende hospitali wiki hii, asingoje ukue. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayechelewesha maradhi naye hayuko mbali na hapo.

Tatu: je, ni kiasi gani, na baada ya hapo kuna daraja jingine la kulipia? Yule mwanamke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa damu miaka 12, alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Hakuwa wa mwisho.

Nne: je, nikiwa na mume wangu, au mchungaji, au padre, au daktari wangu, ningeweza kusema ninakokwenda? Jambo la kufichwa kwa wanaokupenda lina walakini.

Na kuna swali moja ambalo tunatakiwa kujiuliza wenyewe. Kwa nini mwenzetu alikwenda kutafuta mikono ya mgeni? Mara nyingi ni kwa sababu nyumbani na kanisani hakupata mkono wowote. Tulimwambia "pole", tukapita. Tulimwahidi kumwombea, tukasahau. Jirani yako aliyefiwa na mume, kama Takata mwaka 1930, yuko wapi leo? Nani anamshikia mtoto ili alale saa moja? Nani anamsindikiza hospitali, akae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe?

Hiyo ndiyo kazi ya mikono yetu. Haihitaji ada wala alama ya siri. Tumkande mama mzazi kwa maji ya moto, tumshike mkono mgonjwa anayeogopa sindano, tumpikie uji asiyeweza kuinuka, na tunapomwombea tuweke mikono yetu juu yake tukijua kwamba uwezo si wetu.

Mwezi huu, kabla hatujakutana tena, chagueni mgonjwa mmoja au mjane mmoja katika mtaa wenu, mwende kwake mara mbili. Mara ya kwanza atashangaa, mara ya pili atawasubiri mlangoni.